Mbunge Athibitishe, Na Serikali Je?

Kuna kitenzi kimoja kinachotajwa Bungeni takriban kila siku ya kikao, nacho ni kuthibitisha. Mbunge asimamapo na kutoa tuhuma, hasa tuhuma inayomgusa waziri au idara ya usalama, haipiti dakika kabla mwenzake wa upande wa pili hajainuka kwa hoja ya nidhamu na kumtaka Spika amwamuru athibitishe. Kanuni za Kudumu zinamtaka kila mbunge awajibikie usahihi wa jambo analolitaja kuwa ni la hakika. Akishindwa kuleta ushahidi, sharti aifute kauli yake na kuomba radhi. Akikaidi, hutolewa ukumbini. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, na sidhani kwamba yupo miongoni mwao atakayeiona kanuni hiyo kuwa mbaya. Sisi wenyewe huwaambia wanafunzi wetu kila uchao kwamba dai lisilo na ushahidi halina alama.

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha unyambulishaji wa vitenzi, na mwanafunzi mmoja akaniuliza tofauti iliyopo baina ya thabiti, thibiti na thibitisha. Swali lenyewe ni la kawaida. Neno la kwanza ni kivumishi, la pili ni kitenzi cha hali, na la tatu lina kiambishi cha kusababisha. Jambo laweza kuwa thabiti lenyewe, bila ya mtu yeyote kulifanya liwe hivyo. Lakini kuthibitisha kunadai mtendaji: lazima awepo mtu anayebebeshwa kazi ya kulifanya jambo lithibiti mbele ya wengine. Nilipotafuta mfano wa kuwapa, sikutoka mbali. Niliwapeleka Bungeni, tarehe 9 Oktoba 1975.

Siku hiyo aliyekuwa akizungumza ni Martin Shikuku, mbunge wa Butere, mtu aliyejipa kazi ya kuwa mlinzi wa wananchi, na ambaye ulimi wake haukuwa na breki. Alidai kwamba wapo watu waliotaka kuliua Bunge kama vile chama cha KANU kilivyokwisha kuuawa. Upande wa serikali ukapiga kelele na kutaka athibitishe kwamba KANU imekufa. Aliyekuwa akiongoza kikao ni Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet na mwanasheria kwa taaluma. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: hapakuwa na haja ya kuthibitisha jambo lililo dhahiri. Kauli hiyo hunukuliwa sana kwa Kiingereza katika vitabu vya historia ya siasa zetu, lakini msomaji asisahau kwamba tangu Julai 1974, kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, lugha ya mjadala Bungeni ilikuwa Kiswahili. Kiingereza kilirejeshwa rasmi kando yake baadaye, mwaka wa 1979.

Ukiitazama kwa jicho la mwanaisimu, hukumu ya Seroney ilikuwa sahihi kabisa. Alichokisema ni kwamba jambo hili ni thabiti. Kwa hivyo halihitaji wa kulithibitisha. Tarehe 15 Oktoba, siku sita baadaye, polisi waliwakamata wote wawili katika majengo ya Bunge, na wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Waliachiliwa Desemba 1978, baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, Rais Daniel arap Moi alipowafungulia watu wote waliokuwa kizuizini.

Ili kuuelewa uzito wa siku hiyo hatuna budi kurudi nyuma miezi saba. Tarehe 2 Machi 1975, Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho nje ya hoteli ya Hilton jijini Nairobi. Siku chache baadaye gazeti moja lilichapisha habari kwamba yuko Zambia, na hali mwili wake ulikuwa umekwisha kuokotwa na wachungaji katika milima ya Ngong. Bunge likaunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale. Ripoti ya kamati hiyo iliwasilishwa mwanzoni mwa Juni, na ikakubaliwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliunga mkono ripoti kinyume cha matakwa ya serikali, nao wakafutwa kazi.

Kura hizo tatu za ziada ndizo ninazotaka tuzitafakari. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, Bunge lilikuwa limeviuliza vyombo vya usalama swali na kudai jibu. Halikuuliza uvumi, liliita mashahidi, likachukua maelezo, likaandika. Likathibitisha, kwa maana kamili ya kitenzi hicho. Na bado hakuna mtu aliyehukumiwa kwa mauaji yale hadi leo. Shikuku aliposema mwezi Oktoba kwamba kuna wanaotaka kuliua Bunge, alikuwa akizungumza na watu walioshuhudia wenzao wakifutwa kazi kwa sababu ya kukubali ushahidi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mbunge alitakiwa kuthibitisha kauli ya istiari, kwamba chama kimekufa. Serikali iliyomkamata haikutakiwa kuthibitisha chochote mbele ya yeyote. Sheria iliyotumika ni ile ya Kudumisha Usalama wa Umma, ambayo mwaka wa 1966, pamoja na marekebisho ya Katiba ya mwaka huohuo, iliipa serikali uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Aliyezuiliwa alipaswa kupewa sababu kwa maandishi, ni kweli, na lilikuwepo baraza la kupitia kesi za namna hiyo. Lakini baraza lilikaa faraghani, na serikali haikulazimika kuufuata ushauri wake. Sahihi ya waziri ilitosha.

Aidha, sheria ya hadhi na mamlaka ya Bunge ilikuwepo wakati huo, nayo ilieleza kwamba mbunge hawezi kushtakiwa kwa neno alilolisema ukumbini. Wala hawakushtakiwa! Serikali haikuivunja sheria hiyo hata kidogo, kwa kuwa kizuizi si mashtaka. Ulinzi wa mbunge uliandikwa kwa maneno yanayohusu mahakama, na yeye akachukuliwa kwa njia isiyopitia mahakamani. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu wa semantiki kwamba hakuna mfano bora zaidi wa jinsi neno moja, yaani mashtaka, linavyoweza kumweka mtu nje au ndani kwa miaka mitatu.

Inasimuliwa kwamba baada ya kukamatwa kwa wawili hao, Mzee Kenyatta aliwakumbusha wabunge kwamba mwewe yu angani siku zote, tayari kuwashukia vifaranga. Sina la kuongeza juu ya taswira hiyo, ila kwamba kila mtoto aliyelelewa kijijini aliielewa, na wabunge pia. Katika miaka miwili iliyofuata, Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini alifungwa jela na George Anyona wa Kitutu Mashariki akawekwa kizuizini. Sauti za viti vya nyuma zikapungua.

Hata hivyo, nisieleweke kuwa ninawajengea sanamu Shikuku na Seroney. Wapo wanaomtukuza Seroney kwa uamuzi wake, nami ninauheshimu ushujaa wake, maana alikuwa mtu aliyekwisha kuonja ghadhabu ya dola tangu lile Azimio la Nandi Hills la 1969, lililomtia hatiani kwa kosa la uchochezi kwa ajili ya kutetea ardhi. Lakini kama mwalimu, ninaona alimnyima Shikuku fursa adhimu. Ushahidi ulikuwepo! Kufikia Oktoba 1975, KANU haikuwa imefanya uchaguzi wa viongozi wake wa kitaifa tangu mkutano wa Limuru wa Machi 1966. Miaka tisa na ushei. Chama kinachotawala nchi, kilichodai kuwa sauti ya wananchi, hakikuwa kimewauliza wanachama wake ni nani awaongoze. Na hakikufanya hivyo hadi 1978. Lau Shikuku angeambiwa athibitishe, akasimama na tarehe hizo mkononi, Kumbukumbu Rasmi za Bunge zingekuwa na ushahidi ambao hakuna kizuizi kingeufuta. Badala yake zina hukumu ya mwenye kiti. Na mwenye kiti anapotangaza kwamba jambo linalobishaniwa ni dhahiri, amekwisha kuingia katika ubishi wenyewe. Dhahiri kwa nani? Kwa Seroney ilikuwa dhahiri. Kwa aliyekaa upande wa pili haikuwa, au alijifanya haikuwa.

Wala Shikuku hakuwa mtu wa msimamo mmoja usiotetereka. Alianza siasa za Bunge katika KADU, chama kilichojivunja chenyewe mwaka wa 1964 na wabunge wake wakahamia upande wa serikali, jambo lililoiacha nchi bila upinzani Bungeni. Kwa hivyo alipoiita KANU maiti mwaka wa 1975, alikuwa ndani ya jeneza lilelile. Ninalisema hili bila kebehi. Sifa yake kubwa ni kwamba alikataa kunyamaza akiwa ndani, na kwamba mwaka wa 1991, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro na wenzao watatu, alikuwa miongoni mwa vinara sita wa FORD waliodai kurejeshwa kwa vyama vingi. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba, na 1992 Shikuku akarudi Bungeni kutoka Butere kwa tiketi ya FORD-Asili.

Wengine watauliza: haya ya 1975 yanatuhusu nini leo? Yanatuhusu kwa sababu mgao wa kazi ya kuthibitisha ndio uliobadilishwa na Katiba ya 2010. Ibara ya 117 inalinda uhuru wa kusema na kujadili Bungeni. Ibara ya 238 inauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Lakini iliyo muhimu zaidi kwa hoja hii ni ibara ya 24, inayosema kwamba anayetaka kubana haki ya mtu, iwe ni serikali au mwingine, ndiye anayepaswa kuionyesha mahakama kwamba masharti ya kubana haki hiyo yametimizwa. Kitenzi ni kilekile. Kilichobadilika ni kiima. Zamani mwananchi, au mbunge wake, ndiye aliyethibitisha. Sasa dola ithibitishe.

Mtihani wa kwanza mkubwa wa ibara hiyo ulikuja mwishoni mwa 2014. Naomba hapa tusikimbilie kuilaumu serikali. Tarehe 22 Novemba mwaka huo, magaidi waliliteka basi lililotoka Mandera na kuwaua watu 28, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 waliuawa papo hapo Mandera. Mwalimu anayesoma makala hii huenda alisoma chuoni na mmoja wa wale wa basini. Kwake yeye usalama wa umma si kisingizio cha wanasiasa. Ni kufika nyumbani. Na serikali inayokaa kimya baada ya msiba wa namna hiyo haistahili jina hilo.

Serikali haikukaa kimya. Ilileta mswada wa kuzirekebisha sheria za usalama, mswada mmoja uliogusa sheria nyingi kwa pamoja, na tarehe 18 Desemba 2014 Bunge la Taifa likaupitisha katika ghasia ambazo nchi nzima ilizishuhudia kwenye runinga: wabunge wakirushiana ngumi na makaratasi, na Naibu wa Spika Joyce Laboso akimwagiwa maji. Kesho yake Rais akatia sahihi. Yeyote aliyekitazama kikao kile atakiri kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake. Upande mmoja ulipiga kelele ili mswada usisomwe, na upande wa pili ukaupitisha bila kuutetea kifungu kwa kifungu. Kuthibitisha hakukuwepo kwa pande zote mbili. Shikuku alikatizwa mwaka wa 1975, lakini angalau aliyemkatiza alitaka ushahidi. Mwaka wa 2014 hapakuwa na aliyeutaka.

Kazi iliyopaswa kufanywa na Bunge ikaiangukia Mahakama Kuu. Tarehe 23 Februari 2015, majaji walivifuta vifungu vinane vya sheria hiyo. Kimojawapo kilikuwa kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Vingine vilihusu uchapishaji wa habari na picha za ugaidi. Serikali ilitakiwa ionyeshe uhusiano baina ya kila kizuizi na lengo la kuwalinda watu, na pale iliposhindwa kuonyesha, kifungu kilianguka. Sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Wapo waliosema wakati ule kwamba mahakama inawatetea magaidi, hasa baada ya tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mimi ni mhadhiri, na siku ile sikuweza kufundisha. Lakini nimevisoma tena vile vifungu vinane, na sijaona hata kimoja ambacho kingeufunga mlango wa bweni lile. Yaliyozungumzwa baada ya msiba ni tahadhari zilizokuwa zimetolewa kabla, idadi ya askari waliolinda lango, na saa zilizopita kabla kikosi maalumu hakijafika kutoka Nairobi. Hayo hayakuhitaji sheria mpya. Yalihitaji mbunge wa kuyauliza na waziri wa kuyajibu.

Nimekuwa nikijiuliza iwapo neno lenyewe usalama halituchezei. Kwa Kiswahili, mtu akikuuliza habari za nyumbani unajibu salama, ukimaanisha kwamba watu ni wazima, wamekula, wamelala bila hofu. Lakini tukilitia neno hilo katika fungu kama idara ya usalama, au vikao vya usalama vya wilaya vya enzi zile, linageuka na kuwa mali ya ofisi. Usalama wa umma ukawa kitu kinachoweza kumtoa mmoja wa umma kitandani saa tisa za usiku. Sheria ya 1966 iliandikwa kwa Kiingereza na huenda hila hiyo ilianzia huko, ila Kiswahili chetu cha ofisini kiliipokea bila pingamizi. Bunge la 1975, lililojadili kwa Kiswahili, lilikuwa na nafasi ya kulirudisha neno hilo nyumbani. Shikuku alijaribu, maana masuali yake mengi yalihusu chakula, ardhi na viongozi walioipora, ambayo kwake yote yalikuwa masuala ya usalama.

Na Juni 2024? Tarehe 25, siku waandamanaji vijana walipoingia katika majengo ya Bunge na baadhi yao wakauawa kwa risasi, Waziri wa Ulinzi alitangaza kwamba jeshi limeitwa kuwasaidia polisi. Kesho yake Bunge la Taifa lilitoa idhini yake. Ibara ya 241 inadai idhini hiyo pale jeshi linapopelekwa kurejesha amani, na kwa hivyo kwa umbo utaratibu ulifuatwa. Ila idhini inayotolewa baada ya askari kuwa barabarani ni idhini ya aina gani? Mbunge aliyetaka kuuliza watakaa hadi lini, wapi, na kwa silaha zipi, alikuwa na saa chache tu za kufanya hivyo.

Miezi iliyofuata ilileta jambo ambalo wazee waliokumbuka 1975 walilitambua haraka. Vijana walianza kutoweka, wakichukuliwa na watu wasiovaa sare, katika magari yasiyojulikana ni ya nani. Kufikia Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 tangu mwezi Juni. Familia zilizokwenda mahakamani kudai watoto wao wafikishwe mbele ya jaji zilikabiliwa na swali gumu: mna ushahidi gani kwamba aliyemchukua ni polisi? Kizuizi bila mashtaka kiliondolewa katika sheria zetu mwaka wa 1997, katika mageuzi yaliyotokana na mazungumzo ya wabunge wa vyama vyote. Waziri hawezi tena kutia sahihi. Lakini pasipo na sahihi hapana pia karatasi ya kuipeleka mahakamani, na mzazi anatakiwa kuthibitisha kitu ambacho aliyekifanya amehakikisha hakina alama. Shikuku na Seroney angalau walijulikana waliko.

Wanafunzi wangu niliwagawanya makundi mawili, moja liutetee uamuzi wa Seroney na jingine liupinge kwa hoja niliyoieleza hapo juu, kwamba angemwacha Shikuku alete ushahidi wake. Nilidhani kundi la pili lingeshinda kwa urahisi. Binti mmoja wa kundi la kwanza aliinuka akauliza: huo ushahidi angeupeleka wapi, na ile ripoti ya Mwangale ilikuwa na ushahidi wote na haikumfikisha mtu yeyote gerezani isipokuwa waliouamini? Darasa likalipuka. Nilikuwa bado sijapata jibu la kumpa wakati mhadhiri wa somo lililofuata alipobisha mlango akitaka chumba chake.